Baba wa Kwenye Ukurasa

Sindano alikuwa fundi wa mikoba ya ngozi. Jina hilo alibandikwa na baba yake tangu utotoni, kwa kuwa alikuwa msichana mwembamba na maneno yake yalichoma, na hata alipofikisha miaka thelathini na mbili, ana karakana yake na kibao chake mlangoni, hakuna aliyemwita vingine.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Ukiingia, harufu ya ngozi inakupokea mlangoni na ya gundi inakufuata mpaka mwisho. Kushoto kulikuwa na meza ya kukatia, ubao mzito uliojaa makovu ya kisu. Kulia zilikaa cherehani mbili: moja ya umeme, mpya, nyingine nyeusi ya chuma, ya kuzungusha kwa mkono, ambayo herufi zake za rangi ya dhahabu zilikuwa zimefutika nusu. Hiyo nyeusi ilikuwa ya baba yake.

Baba huyo watu walimwita Mzee Soli. Alikuwa fundi viatu, na kibanda chake kiliegemea ukuta wa shule ya msingi, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka kwenye karakana. Alikuwa amekaa hapo miaka arobaini. Mke wake alipofariki, Sindano akiwa na miaka sita, mzee hakuoa tena. Alimlea mwanawe kwa msaada wa dada yake mkubwa, ambaye alikuwa muuguzi. Mtoto akitoka darasani alizunguka ukuta tu, akakaa kibandani kufanya hesabu zake huku baba anagonga misumari. Kufika miaka kumi alijua kushika msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Alipofika ishirini na mbili akasema amechoka na viatu, anataka kushona mikoba, na mzee hakubisha. Aliibeba ile cherehani nyeusi begani mwake, akaitua kwenye chumba alichopanga mwanawe, akasema, "Hii haijui kama ni kiatu au ni mkoba. Ipe mafuta, itashona."

Huyo ndiye baba aliyekuwepo. Yule wa kwenye ukurasa wa Sindano mtandaoni alikuwa mtu mwingine kabisa.

Ilianza hivi. Biashara ilikuwa imelala. Ukurasa wake ulikuwa na wafuasi mia mbili, nusu yao marafiki wa marafiki, waliobaki mafundi wenzake waliokuja kuchungulia bei. Aliweka picha ya mkoba, chini yake bei na namba ya simu. Kimya. Akaweka mwingine. Mtu mmoja akaandika, "Hongera dada," basi, siku ikaisha. Ndipo akajiandikisha kwenye mafunzo ya bwana mmoja aliyejiita Kocha, aliyefundisha watu kukuza biashara kwa blogu na mitandao. Bwana wa suti ya bluu na viatu bila soksi, asiyekaa chini hata dakika moja.

"Watu hawanunui mkoba," Kocha aliwaambia. "Wananunua hadithi ya aliyeushona. Wewe hapo, dada, hadithi yako ni ipi?"

Sindano akasimama, akaeleza. Baba yangu ni fundi viatu, alinifundisha kazi, akanipa mashine yake. Kocha alimsikiliza kwa upole, kichwa kimelala upande, kama daktari anayesikiliza kifua.

"Tamu," alisema. "Lakini imepoa. Haina kidonda. Msomaji anataka kukuona uko shimoni kwanza, halafu akuone unatoka."

"Mimi sijawahi kukaa shimoni."

"Kila mtu ana shimo lake, dada yangu. Chimba."

Akaenda akachimba. Alikaa karakanani mchana mzima, simu mkononi, na kilichokuja kichwani kilikuwa cha watu wengine. Alikumbuka jirani waliyepakana naye alipokuwa mdogo, mwanaume aliyekunywa pombe mpaka akauza kitanda cha watoto wake. Kilio cha watoto wale kilipita ukutani. Basi akamchukua jirani yule, akamvika nguo za baba yake. Aliandika kwamba mama alipofariki, baba alizama kwenye chupa. Akaandika kwamba siku moja alirudi kutoka shule akakuta viatu vyake vimeuzwa, akaenda darasani pekupeku mwaka mzima. Mwishoni akaandika kwamba alijifundisha kushona mwenyewe, kwa mabaki ya ngozi aliyookota jalalani.

Alipomaliza akaisoma mara moja. Akajiambia ataiweka kwa siku mbili tu aone, halafu ataifuta.

Siku mbili hazikufika. Kufumba na kufumbua, wafuasi mia mbili wakawa elfu tatu, wakawa elfu kumi na moja. "Dada umeniliza hadi nimeshindwa kufanya kazi." "Nami baba yangu alikuwa hivyo hivyo, asante kwa kusema." "Nataka mkoba, rangi yoyote, nataka tu niwe na kitu kilichotoka mikononi mwako." Sindano aliyasoma maoni yale huku amejifunika mdomo. Akaanza kushona kutwa. Akaandika sehemu ya pili, ya baba anavyogonga mlango usiku. Akaandika ya tatu. Kila alipotaka kuacha, mkoba mwingine ulikuwa umeagizwa.

Alijipa moyo kwa sababu zile zile kila mara. Jina la mzee hakulitaja. Mzee mwenyewe alikuwa na simu ya vitufe, yenye tochi, wala hakuwa na habari na mitandao. Na watu wanafarijika, si wamesema wenyewe? Lakini kuna jambo lilimtokea ambalo hakuna sababu iliyolifunika. Alhamisi moja alikuwa anaonyesha mikoba moja kwa moja mtandaoni, watu mia nne wanamtazama, mara mlango ukafunguka, baba yake akaingia na kopo lake la mafuta, kama alivyozoea kila Alhamisi. Watazamaji wakamwona. Mmoja akaandika, "Huyo mzee ni nani?"

Sindano alipata kigugumizi. Halafu akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Huyu? Huyu ni mzee mmoja ananitengenezeaga mashine."

Mzee Soli alisimama kidogo. Akaitazama simu iliyosimamishwa kwenye stendi yake, akamtazama mwanawe.

"Ndiyo," akasema. "Nimekuja kuangalia mashine."

Akaipaka mafuta, akaifuta, akaaga kwa kuinamisha kichwa kama fundi anavyomuaga mteja, akaondoka. Wiki iliyofuata alikuja tena bila kuligusia, na Sindano akashukuru kwa kutoulizwa. Alidhani mzee hakuelewa.

Mwaka ukapita. Ukurasa ulifika wafuasi elfu sitini. Ukaja mwaliko wa kongamano la wanawake wafanyabiashara: walitaka Sindano azungumze jukwaani, na walitaka mikoba mia tatu kwa ajili ya washiriki. Kwa furaha ile hakuona haraka kwamba baba yake hajaja Alhamisi mbili, tatu, nne. Alimpigia simu. "Kazi zimebana, mama," mzee alimjibu. Alikuwa akimwita hivyo tangu mke wake alipofariki. "Nikipata nafasi nitapita."

Aliyepita ni shangazi.

Alikuja asubuhi, amevaa viatu vyake vya kazini ingawa alikwisha kustaafu, na hakuketi alipokaribishwa. Sindano alimwamkia. Shangazi akaitikia kwa kukata, akasogeza mikoba iliyokuwa mezani, akaweka simu yake hapo katikati.

"Nisomee."

"Shangazi, hebu kaa kwanza."

"Nisomee, maana mimi macho yangu labda yana kasoro. Kaka yangu alilewa lini?"

Sindano aliutazama ukurasa wake mwenyewe kana kwamba hajawahi kuuona. Uso ulimshuka. Alitaka kusema kwamba hakutaja jina, lakini aliona upuuzi wa maneno hayo kabla hayajafika mdomoni.

"Umejuaje?" ndilo lililomtoka.

"Mimi? Mimi nimeambiwa na mwenyewe." Sasa shangazi alikaa, kwa uzito, kwenye kiti cha wateja. Akamweleza. Wiki tano zilizopita, mwalimu mmoja wa shule ile alikuwa amekatikiwa na kamba ya mkoba, akauleta kibandani. Mzee Soli akaujua mkono wa mwanawe, akausifia. Mwalimu akasema, "Ah, baba, ungejua historia ya aliyeushona!" Mzee akasema angependa kuijua. Basi mwalimu akakaa kwenye benchi ya wateja, akafungua simu, akamsomea sehemu zote tatu kwa sauti, na alipofika kwenye viatu akalia. Akamwonyesha na picha. Kwenye picha kulikuwa na cherehani nyeusi.

"Alifanya nini?" Sindano aliuliza.

"Alishona kamba. Angefanya nini? Akamwambia mwalimu, 'Pole yake huyo dada.' Mwalimu alipoondoka, akafunga kibanda saa sita mchana, yeye ambaye hata akiwa na homa hafungi. Akaja kwangu." Sauti ya shangazi ilianza kupasuka, akaikaza. "Unajua aliniuliza nini? Aliniuliza, 'Dada, mke wangu alipofariki, mimi nilikuwa nakunywa?' Nikamwambia una wazimu? Akasema, 'Mtoto hawezi kutunga kitu kama hicho. Labda msiba ulinichanganya, nikafanya mambo, nimesahau. Wewe ulikuwepo, niambie ukweli, sitakasirika.' Amenihoji kama askari, Sindano. Anataka mwezi, anataka siku. Wiki tano sasa, kila akija ananiuliza upya. Kaka yangu anajitafuta ulevi ambao hakuwa nao."

Sindano alitamani sakafu ipasuke immeze. Alikuwa amewahi kufikiri mzee akijua atakasirika, atamfokea, hata atachukua mashine yake. Kwamba angemwamini, hilo halikuwahi kumpitia akilini.

"Mimi nimemaliza," shangazi alisema, akainuka. "Kwenda kwake ni juu yako. Mimi singeweza kukwambia uende, maana ukienda kwa kutumwa haina maana."

Alikwenda mchana ule ule. Alitembea, kwa kuwa hakutaka kufika haraka. Kibandani mzee alikuwa amepakata kiatu cha kike, anagonga kisigino, misumari mitatu imebanwa midomoni. Alipomwona mwanawe akaitoa mmoja mmoja, akaipanga juu ya goti.

"Karibu, mama."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa."

Sindano alikaa kwenye benchi ya wateja. Ikamjia kwamba mwalimu naye alikaa hapo hapo akisoma, akasogea pembeni.

"Shangazi kaniambia," alisema.

"Ehe."

"Baba, hukuwa unakunywa. Hata siku moja. Nilitunga."

Mzee Soli alikigeuza kile kiatu, akakitazama chini. "Na viatu? Sikuviuza?"

"Hukuviuza."

"Vile vyeusi vya kamba?"

"Hapana, baba. Ulivitia soli mara tatu. Nilivivaa mpaka vikanibana."

Mzee akashusha pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka nayo. "Basi nashukuru. Hilo ndilo lilinisumbua. Ulevi mtu anaweza akasahau, pombe yenyewe inasahaulisha. Lakini fundi viatu kuuza viatu vya mwanawe..." Akatikisa kichwa. "Nilikuwa nikilala naviona."

Sindano alikuwa amekuja na maneno ya kuomba msamaha, ameyapanga njia nzima. Yote yalimwishia. Alilia bila kujificha, na wanafunzi waliokuwa wanapita ukutani wakageuka kumtazama.

"Kwa nini lakini?" baba yake aliuliza. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza kiatu kiliharibikaje.

"Nilitaka watu wanunue."

"Wakanunua?"

"Walinunua."

"Mh."

Hapo akatokea mteja, mwanamke mwenye haraka, mwenye kiatu kile. Mzee akarudisha misumari mdomoni akamalizia kisigino, na Sindano akabaki pale benchini, uso umelowa, huku mwanamke anasimulia foleni ya benki. Mteja alipokwenda, mzee alijifuta mikono.

"Siku ile uliposema mimi ni mzee wa kutengeneza mashine," alisema, "nilidhani unaonea haya kazi ya viatu. Nikasema si kitu, vijana wako hivyo. Kumbe ulikuwa umeshaniua, ukaona maiti inaingia na kopo la mafuta." Akacheka kidogo, peke yake. Sindano hakuweza kucheka. "Nenda kazini, mama. Wateja wanakungoja."

Njia nzima ya kurudi Sindano alilia, na katikati ya kilio chake kukatokea jambo ambalo baadaye lilimtia aibu kuliko yote. Alipofika kwenye kona ya duka la dawa alijikuta ameshatunga sentensi ya kwanza. *Leo nimempigia magoti mtu niliyemkosea kuliko wote.* Akaona na picha yake: mkono wa mzee, wenye rangi ya viatu kwenye kucha, juu ya kichwa chake. Alikuwa ameshachagua na upande wa mwanga. Akasimama hapo hapo barabarani, watu wanampita, mashavu yanamwaka.

Alimpigia Kocha. Hakujua alitaka kuambiwa nini. Pengine alitaka mtu amzuie.

"Dada, hiyo ni dhahabu!" Kocha alipaza sauti. "Toba inauza kuliko shida. Usiandike kwanza. Piga video, wewe na mzee, ulie, naye alie. Kongamano watakugombania."

"Kocha."

"Naam?"

"Hayo unayoniambia nimeshayawaza mwenyewe."

"Si ndiyo maana nakwambia una kipaji!"

Akakata simu. Jioni ile alifuta sehemu zote tatu, halafu akajikaza, akazirudisha, kwa sababu kuzifuta kimya kimya kungekuwa kujificha tu. Akaanza kuandika upya. Alichokiandika alikibeba kwenye karatasi Jumapili nyumbani kwa shangazi, ambako mzee alikuwa akila chakula cha mchana. Akaomba awasomee kabla mtu mwingine hajaona.

Shangazi alizima redio. Mzee alisukuma sahani yake pembeni. Sindano akasoma: kwamba alisema uongo, kwamba baba yake hakuwahi kunywa wala kuuza kitu chake, kwamba ndiye aliyemfundisha kazi. Halafu akaendelea, na maneno yakanenepa. Baba yangu ni nguzo. Baba yangu hakuwahi kunikosea. Baba yangu ni mtu asiye na doa.

"Ngoja," mzee alisema. "Huyo naye simjui."

"Baba?"

"Kwanza ulinifanya shetani, sasa malaika. Mtu mwenyewe utamwandika lini?"

Shangazi aliguna. "Asiye na doa! Aone shati lako."

Mzee hakucheka. "Andika la chuo," alisema.

Sindano alijua mara moja analosema, akaishusha karatasi. Alipomaliza shule alipata nafasi kwenye chuo cha ufundi wa ngozi na nguo, mji mwingine, na nauli walikuwa nayo. Baba yake alimkatalia. Alisema hakuna ngozi huko ambayo haipo hapa. Sindano alilia siku tatu, kisha akarudi kwenye benchi ya kibandani, na miaka yote iliyofuata hakulitaja tena.

"Hilo la nini, baba? Limeshapita."

"Kwa sababu ni kweli. Mashine niliyokubebea baadaye, unadhani niliibeba kwa wema tu? Nilikunyima chuo kwa kuwa niliogopa kubaki peke yangu. Hakuna sababu nyingine niliyokuwa nayo." Alitazama mikono yake. "Ulikuwa na kidonda chako, mama. Nilikupa mimi. Wewe ukaenda kuazima cha jirani."

Shangazi alianza kukusanya sahani, akaziacha.

"Nikiandike?" Sindano aliuliza.

"Kiandike jinsi kilivyo, mistari miwili mitatu, usikipambe. Picha yangu usiweke. Na baada ya hapo niache. Usiniandike tena, si kwa ubaya wala kwa uzuri. Mimi si bidhaa."

Akaenda akaandika hivyo. Kurasa nne zikawa moja. Hapakuwa na machozi ndani yake, wala funzo mwishoni. Aliomba radhi kwa baba yake na kwa walionunua, hasa kwa wale waliomwambia siri za nyumba zao wakidhani ni mwenzao. Akasema anayetaka kurudisha mkoba aurudishe. Akabonyeza.

Matusi yalianza kabla hajaweka simu chini. Tapeli wa machozi. Mwana wa laana. Mwanamke mmoja, aliyemwandikia zamani habari za baba yake mlevi, aliandika maneno machache tu: "Nilikuamini. Sikuwahi kumwambia mtu mwingine." Hayo ndiyo Sindano aliyoyasoma mara nyingi kuliko matusi yote. Alimjibu, lakini hakujibiwa tena. Wiki nzima alijibu kila mtu kwa mkono wake, bila kujitetea: ni kweli, nilifanya, samahani. Watu wa kongamano walituma ujumbe wa mistari miwili kumwambia wamepata mzungumzaji mwingine, na oda ya mikoba imesitishwa. Mikoba kumi na tisa ilirudishwa. Mmoja ulikuwa umekatwa kwa mkasi.

Aliipanga yote kwenye rafu ya nyuma. Wafuasi walipungua mpaka wakabaki theluthi.

Alifikiri kuufunga ukurasa kabisa. Shangazi ndiye aliyemkataza. "Ulivyokuwa unadanganya ulikuwa hodari wa kuandika kila siku. Sasa unasema kweli ndiyo unachoka?"

Basi akaendelea, lakini hakujua aandike nini, kwa kuwa alikuwa amezoea kuandika kilio. Mwisho akaandika kuhusu kilichokuwa mbele yake siku hiyo: zipu aliyoishona ikapinda, akaifumua mara mbili, na jinsi alivyogundua kwamba kosa lilikuwa kwenye kukata bitana, wala halikuwa kwenye mshono. Watu kumi na wawili waliisoma. Mmoja wao, fundi wa viti vya magari, akauliza swali la uzi. Akamjibu. Wiki iliyofuata akaandika jinsi ya kutambua ngozi iliyopakwa rangi ili kuficha makovu. Mwingine akauliza swali. Ilikuwa kazi ya polepole, haikumliza mtu, na mara nyingine Sindano aliona kama anaongea na ukuta. Lakini oda zilipoanza kurudi, moja moja, zilikuwa za watu walioandika, "Nataka mkoba wa kubebea vitabu, unaoweza kustahimili mvua." Walitaka mkoba. Aligundua kwamba hajawahi kuulizwa hivyo mwaka mzima uliopita, na kwamba kushona kwake kulikuwa kumeshuka bila yeye kuona. Akaanza kujirekebisha.

Miezi saba baadaye aliingia mwanamke mmoja karakanani, mgeni, amejitanda mtandio wa kijani. Alishika mkoba huu, akashika ule, akanusa ngozi. Kisha akasema, bila kumtazama, "Wewe ndiye yule aliyemsingizia baba yake?"

Zamani Sindano angezunguka zunguka. "Ndiyo," alisema. "Ni mimi." Masikio yalimwaka kama yanavyomwaka kila akiulizwa, na huulizwa mara nyingi.

"Mzee alikusamehe?"

"Hilo ni langu na yeye, dada."

Mwanamke aliguna, kama mtu aliyenyimwa kipande kitamu cha habari. Alimaliza kuangalia, akasema ataufikiria mkoba wa kahawia, akatoka. Sindano hakujua kama atarudi.

Wala hakujua jibu la swali la mwanamke yule. Baba yake alikuwa amerudi kupita Alhamisi. Alikula kwake, alimwita mama, alimuuliza kama kushona kunamuumiza mgongo. Ila kitu kimoja kilikuwa kimebadilika, na hakuna aliyekitaja. Maisha yake yote mzee alikuwa akiusukuma tu mlango wa mwanawe na kuingia. Sasa alisimama nje, kama mgeni, mpaka ajibiwe.

Alhamisi ya wiki ile alifika saa kumi.

"Hodi," alisema nyuma ya mlango.

Sindano aliacha kisu mezani, akaenda kumfungulia mwenyewe.

"Karibu, baba."